Madaftari Thelathini na Moja

Ummulkheir binti Shee alifanya kazi ya afisa wa kaunti kwa miaka tisa huku ameandikwa karani wa kufungua barua, na alipodai daraja lake, kaunti ikahukumu kwamba kazi ile hakuifanya yeye. Huo ndio ubaya aliotendewa. Haukutendwa gizani, wala haukutendwa na mtu asiyemjua. Ulitendwa saa nne asubuhi, mezani, maji ya chupa yakiwa mbele ya kila mtu, na aliyeupigia muhuri ni Ikupa, ambaye alikuwa amekula kwa Ummulkheir mara nyingi hata akajua ni sahani ipi ya nyumba ile ina ufa.

Ummulkheir alikuwa na miaka hamsini na mbili. Aliishi Fridley, mji wa Minnesota, Marekani, katika fleti za ghorofa tatu nyuma ya kiwanda cha pampu, yeye na mumewe Isa, dereva wa lori, mtu ambaye ulimi wake uliota kabla ya meno. Shule ya serikali alisoma Lamu hadi darasa la nne, babake akasema yatosha. Yaliyobaki aliyasoma chuoni kwa nyanyake, Bibi Salwa, aliyewafundisha wasichana Kurani na khati, na ambaye barua zake zote aliziandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wake. Kisha babake akahamia Garissa kuuza nguo, na huko Ummulkheir akakinyonya Kisomali kwa majirani. Kiingereza alikiokota Marekani, kipande hapa kipande pale, akipiga deki ofisi za watu. Hizo ndizo shahada zake. Nyingine hakuwa nayo.

Kaunti yenyewe aliingia kwa mlango wa nyuma, na ndoo ya deki. Siku moja mama mmoja wa Kisomali alikaa sakafuni mbele ya dirisha la mapokezi akagoma kuinuka. Maafisa watatu walimzunguka wakimsemesha polepole na kwa sauti kubwa, kana kwamba Kiingereza ni dawa ya uziwi. Ummulkheir aliiacha ndoo yake, akachuchumaa, akamsalimia, akamuuliza habari ya mamake kwanza, kisha habari ya safari, kisha ndipo akamuuliza kilichomkalisha chini. Alikuwa ametakiwa cheti cha kifo cha mumewe, na mumewe alikufa mahali ambapo hakuna anayeandika vyeti. Dakika kumi baadaye mama yule alikuwa kwenye kiti, anakunywa maji, na karatasi mbadala imeshapatikana. Meneja alikuwa amesimama mlangoni anatazama. Mwezi uliofuata Ummulkheir akaajiriwa: Msaidizi wa Ofisi, Daraja la Kwanza. Kazi yake, kwa mujibu wa karatasi, ilikuwa kufungua barua, kuzigonga tarehe, na kuwaonyesha watu mahali pa kukaa.

Ikupa alikuja mwaka huo huo. Alikuwa Mtanzania, mwanamke wa Mbeya, aliyekuja Minnesota kusoma akasoma kweli, na sasa alikuwa Afisa wa Tathmini, Daraja la Tano. Afisa wa Tathmini ndiye anayeihoji familia iliyoomba msaada wa chakula, wa kodi ya nyumba, wa gesi ya kupasha moto wakati wa baridi. Yeye ndiye anayeamua nani anastahili na kwa kiasi gani, na ndiye anayetia sahihi. Ikupa alipewa chumba namba sita. Wiki ya pili alitoka chumbani humo jasho limemlowesha kwapa, na nje kulikuwa na barafu.

"Dada, shikamoo. Naomba uniokoe. Huyu baba simwelewi, na mkalimani wa simu ameniweka nusu saa nasikiliza muziki."

"Marahaba. Nipishe hapo, mdogo wangu," akasema Ummulkheir.

Akapishwa. Na tangu siku ile hakuna aliyempisha kutoka.

Alikuwa na namna yake. Hakumuuliza mtu ana watoto wangapi, maana watoto hawahesabiwi kama mbuzi. Aliuliza majina yao, na majina akayahesabu mwenyewe kimoyomoyo. Hakumuuliza mwanamke mumewe yuko wapi kabla ya kuuliza nani humpeleka hospitali, na jibu la pili likamwambia la kwanza. Mwongo alimjua kwa haraka yake ya kuapa. Yote aliyoambiwa aliyaandika katika daftari la shule, la kurasa sitini na nne, kwa khati ya Bibi Salwa, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu hiyo ndiyo khati ambayo mkono wake uliiandika bila kuuliza. Jioni, kabla ya kuondoka, alimsomea Ikupa, naye Ikupa akachapa kwenye kompyuta na kutia sahihi yake chini.

Mwanzoni Ikupa alikaa naye chumbani. Mwaka wa tatu aliacha kukaa. Alikaa chumba cha pili akisomea shahada nyingine kwenye kompyuta, na kazi ya kuamua nayo ikahama pole pole, kama maji yanavyohamia upande ulioinama.

"Wewe unaonaje, dada?"

"Huyu mpe yote. Yule wa pili ana duka Lake Street, amesahau kulitaja. Mrudishe alete karatasi zake."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Na Ikupa akaandika hivyo hivyo. Ijumaa alikuja Fridley kula pilau. Alikula kwa mkono, akalamba vidole, akasema mbele ya Isa: "Shemeji, bila huyu mkeo mimi ningeshafukuzwa kazi siku nyingi." Ummulkheir alisema, "Ah, wacha hayo, kula," na maneno yale akayaweka moyoni kama mtu anavyoficha dhahabu kwenye pindo la kanga. Hakujua kwamba dhahabu ya kufichwa hivyo huwa haina risiti.

Madaftari yalipokuwa matano, Ikupa aliyaona yamepangwa kwenye rafu ya chumba namba sita.

"Dada, usiyaache hapa haya. Mtu atauliza ni ya nini."

"Niyatupe?"

"Usitupe. Siku moja faili likileta shida tutayahitaji. Kaa nayo tu nyumbani."

Akakaa nayo. Yakawa kumi, yakawa ishirini, yakawa thelathini na moja, yamefungwa kwa kamba chini ya kitanda cha Fridley, kila moja na mwezi wake juu. Ummulkheir hakuwa na wasiwasi wa siri za watu. Hizo herufi zenyewe zilikuwa kufuli, na katika jengo lile lote ufunguo alikuwa nao yeye peke yake.

Mwaka wa tisa ikaja barua. Kuanzia tarehe moja Julai, nafasi zote za mapokezi za daraja la kwanza na la pili zitafutwa, na badala yake zitawekwa mashine za kujihudumia, kama zile za uwanja wa ndege. Wa daraja la tatu na kuendelea watabaki. Mfanyakazi anayeamini kwamba anafanya kazi iliyo juu ya daraja lake anaweza kuomba akaguliwe, na ikithibitika, atapewa daraja la kazi anayoifanya, awe na shahada asiwe nayo.

Mtu wa yunioni, chama cha wafanyakazi, pale alikuwa Jairus, Mkenya wa Kakamega, ambaye kwa kaunti hiyo hiyo aliendesha gari la kuzoa theluji. Alimkuta Ummulkheir kwenye chumba cha chai, barua mkononi.

"Mama, hii ni yako kabisa. Wewe si daraja la kwanza. Hata mimi, kila nikipita pale nakuona wewe ndiye unahoji watu. Sasa fill hiyo fomu, auditor atakuja. Lakini skiza. Akikuuliza, usimwonee haya. Sema mimi, mimi, mimi."

"Kujisifu ni kazi ya jogoo, Jairus."

"Basi siku hiyo wika, mama. Ukinyamaza utachinjwa kama kuku tu."

Jioni ile alimwambia Ikupa. Ikupa alikuwa anafunga mkoba wake, na mikono yake ikasimama kidogo.

"Mdogo wangu, wiki ijayo watakuja kukuuliza habari yangu."

"Wakiniuliza nitawaambia, dada. Wewe unanijua mimi."

Mkaguzi alikuwa msichana wa Kizungu mwenye miwani na tabasamu lisilozimika, la wale watu wa Minnesota ambao hawawezi kukwambia hapana mpaka wafike nyumbani waandike barua. Akamkalisha Ummulkheir chumba namba sita, kwenye kiti cha waombaji. Akamuuliza kwa Kiingereza: nani anahoji, nani anaamua.

Ummulkheir alijua jibu. Ulimi wake ndio haukulijua. Kwao mtu hajisifu; husifiwa. Sahani ya nyama ikiletwa, huichukui. Waisukuma kwa mwenzio, naye akairudisha kwako, na hapo ndipo wala bila aibu. Alikuwa ameisukuma sahani hiyo maisha yake yote na siku zote ilirudi.

"Kazi ni yetu sote," akasema. "Mimi namsaidia Ikupa. Yeye ndiye mkubwa wangu. Muulize yeye, atakwambia yote."

Msichana akaandika. Kisha akaenda kumuuliza Ikupa. Na Ikupa sahani ile hakuirudisha; aliila nyama, akakomba na mchuzi.

Ripoti ilikuja baada ya siku kumi na mbili. Afisa Ikupa, ripoti ilisema, anamweleza Bi Ummulkheir kuwa mtu mkarimu, anayewafanya wateja wajisikie wamekaribishwa, na ambaye mara moja moja husaidia kutafsiri. Mwenyewe amekiri kwamba anasaidia tu. Daraja lake la kwanza linafaa. Ombi limekataliwa.

Aliingia chumba namba sita bila kubisha hodi, mara ya kwanza katika miaka tisa.

"Mara moja moja, Ikupa?"

Ikupa aliinuka akafunga mlango. Hakukana. Hilo Ummulkheir alilikumbuka baadaye kuliko yote, kwamba walipokuwa wawili hakukana.

"Dada, keti. Nisikilize. Kila faili chini yake kuna kiapo. Nimeapa kwamba mimi mwenyewe, kwa macho yangu, nilimhoji mwombaji. Mafaili elfu na zaidi. Nikisema ni wewe, sifukuzwi tu. Napelekwa mahakamani."

"Kwa hiyo mimi ndio nitoke."

"Mimi nina mkopo wa nyumba Plymouth. Nina watoto wawili. Nyumbani Mbeya kuna mama anakula dawa kila siku, na anayezilipia ni mimi."

"Na mimi nina nini?"

"Wewe una mume, dada. Na mikono yako ni myepesi, kazi hukosi." Alisema taratibu, kama mtu anayetoa zawadi. "Golden Valley kuna kampuni zinatafuta watu wa usafi wa ofisi. Nimeona tangazo. Nikutumie?"

Ummulkheir akamtazama. Alitafuta kejeli katika uso ule akaikosa. Ikupa alikuwa anamsaidia kweli.

"Nitumie," akasema, akatoka.

Kabla siku thelathini za kukata rufaa hazijaisha Jairus alimwandikia rufaa. Kwenye lori la Isa, njiani kwenda nyumbani, akamuuliza: "Mama, maneno tunayo. Lakini evidence? Karatasi? Kitu chochote chenye mkono wako?"

Ummulkheir akacheka, na alikuwa hajacheka tangu barua ije. Alimpandisha ngazi, akapiga magoti kando ya kitanda, akayavuta madaftari nje. Jairus alifungua moja, akaligeuza juu chini, akaligeuza tena.

"Hii ni Kurani?"

"Ni kazi," akasema Ummulkheir.

Siku ya kusikilizwa aliyabeba katika magunia mawili ya mchele ya kilo ishirini. Isa alimsaidia kuyashusha. "Mtu akituona," akasema, "atadhani natoa mahari mara ya pili. Na mara ya kwanza nilipunjwa." Lakini alimfunga vizuri ncha ya mtandio kabla hajaingia.

Mezani walikuwa mwamuzi, mzee mwenye ndevu nyeupe zilizokatwa kwa uangalifu, na karani wake; wakili wa kaunti, mwanamke wa sauti ndogo; mkalimani; Ikupa, kwenye koti jipya; na upande wa Ummulkheir, Jairus na shahidi mmoja. Shahidi huyo alikuwa Mugisho, Mkongo wa Uvira, ambaye familia yake ilihojiwa chumba namba sita majira ya baridi mawili yaliyopita.

"Ni huyu mama ndiye aliniulizaka," akasema Mugisho, akiwa amesimama ingawa aliambiwa akae. "Bibi yangu, watoto, nyumba, yote ni yeye. Ule mwingine, pardon, sijamuonaka hata siku moja. Leo ndiyo ya kwanza."

Wakili alimwomba kwa upole barua aliyopewa siku zile. Mugisho alikuwa nayo mfukoni, mwanawe ameifunika plastiki ili isichakae. Akaombwa aonyeshe jina lililo chini. Lilikuwa la Ikupa. Je, jina la Bi Ummulkheir lipo popote? Mugisho aliigeuza nyuma, akatafuta kama mtu anayetafuta sarafu, akasema halipo. Akashukuriwa.

Ndipo Jairus akaweka magunia juu ya meza. Mwamuzi alichagua daftari moja mwenyewe, la katikati, akafungua popote, akampa Ummulkheir asome. Naye akasoma. Hakukwama popote, kwa sababu aliyokuwa akiyasoma aliyajua.

"Jumanne. Mama wa makamo, mkono wa kushoto haukunjuki. Watoto Ifrah, Nasteho, Abdirizak, na mdogo ambaye hajapewa jina kwa sababu babake hajafika. Mwenye nyumba amekata moto tangu Jumapili. Walala jikoni, tanuri limefunguliwa. Nimemwambia asifungue tanuri usiku, wataungua. Apewe gesi leo, si kesho."

Mkalimani alitafsiri. Karani wa mwamuzi akatafuta faili la tarehe ile kwenye kompyuta, akasoma lililochapwa na Ikupa. Mkono wa kushoto ulikuwemo. Mtoto asiye na jina alikuwemo. Tanuri lilikuwemo. Wakachagua daftari la pili, la tatu. Yote yakalingana, na hata wakili akaacha kuandika. Ikupa alikuwa akitazama chupa yake ya maji.

Ummulkheir alihisi mgongo wake unanyooka. Alifikiri, basi, imekwisha, wameona.

Wakili akauliza, kwa ile sauti yake ndogo, madaftari haya yalihifadhiwa wapi.

"Nyumbani kwangu."

Nyumbani mahali gani?

"Chini ya kitanda."

Kwa muda gani?

"Miaka tisa," akasema Ummulkheir, na akawatazama wote, mmoja mmoja. Alikumbuka jogoo wa Jairus. Akawika. "Miaka tisa nimeyatunza. Halikupotea hata moja. Mimi. Si mtu mwingine."

Hiyo ndiyo mara pekee katika maisha yake aliyojisifu mbele ya watu, na ndiyo iliyomtia kitanzi. Wakili aliweka kalamu chini. Alimweleza mwamuzi kwamba habari za waombaji ni siri kwa sheria, kwamba kuzitoa ofisini ni kosa la kufukuzwa, na kwamba mfanyakazi amekiri sasa hivi, kwa kiapo, kuzitoa kwa miaka tisa mfululizo.

"Aliniambia Ikupa," akasema Ummulkheir. "Aliniambia nikae nayo nyumbani. Muulizeni."

Wakamuuliza. Ikupa aliinua mkono wa kulia, akaapa, akajibu kwa Kiingereza kizuri, kilichonyooka.

"Sikuwahi kumwambia hivyo. Madaftari haya nayaona leo."

Hakumtazama. Ummulkheir alingoja amtazame, angalau mara moja, kama mtu anavyongoja chenji dukani. Ikupa alifungua chupa, akanywa maji.

Uamuzi ulichukua wiki sita. Jairus aliuleta Fridley mwenyewe akausoma jikoni, akiwa na buti za theluji ambazo hakuna aliyemkumbusha kuzivua. Ulikuwa na sehemu mbili. Kuhusu daraja: kumbukumbu rasmi zinaonyesha mahojiano yalifanywa na Afisa Ikupa, madaftari yaliyoletwa si kumbukumbu rasmi, yako katika maandishi yasiyoweza kuthibitishwa, na hayawezi kutegemewa kuonyesha nani alifanya nini. Rufaa inakataliwa. Kuhusu nidhamu: madaftari yaliyoletwa yana habari za siri za waombaji, zilizoandikwa na mfanyakazi huyu wakati wa mahojiano, na zikatunzwa naye nyumbani. Anaachishwa kazi kuanzia leo. Madaftari yanabaki kwa kaunti.

Jairus aliurudia mara mbili kwa sababu Ummulkheir alimwomba.

"Hebu, nifahamishe. Nikitaka daraja, hayasomeki."

"Eeh."

"Wakitaka kunifukuza, yasomeka."

"Eeh, mama."

"Na waliyasoma kwa macho gani?"

Jairus akaikunja karatasi. Isa, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, alitafuta la kuchekesha akalikosa, akainuka kwenda kutazama kama lori amelifunga, na lori alikuwa amelifunga.

Yunioni ilisema haitaendelea. Wakili wa kujitegemea alisema angeichukua kesi kama Ikupa angebadilisha ushahidi wake. Bila hivyo hakuna kesi. Kila mlango aliobisha, kitasa chake kilikuwa mkononi mwa Ikupa. Mwezi wa Septemba Ikupa akapandishwa kuwa msimamizi wa idara, kwa sababu, taarifa ya kaunti ilieleza, hakuna afisa mwingine aliyewahi kuhudumia familia nyingi za wahamiaji kwa ustadi kama wake. Ummulkheir akaanza kazi Golden Valley, kwenye ofisi za kampuni ya bima. Tangazo lile Ikupa alikuwa amelituma kweli.

Januari mamake Ikupa akafariki Mbeya.

Ndege za kuwahi mazishi hazikupatikana, kwa hiyo msiba uliwekwa Plymouth, nyumbani kwa Ikupa, kama Watanzania wanavyofanya: magodoro sebuleni, wanawake chini wamejifunga kanga, wanaume gereji na kahawa, na masufuria yanaingia na kutoka. Ummulkheir alikwenda siku ya tatu, Jumamosi mchana. Alivaa buibui na kiatu safi. Wanawake waliomjua walisogea kumpa nafasi, na mmoja wao, Leah, rafiki wa Ikupa wa kanisani, akamshika mkono akasema, "Umefanya utu, dada. Mungu akulipe." Walidhani amekuja kusamehe.

Alikaa akasikiliza sala zote. Ikupa alikuwa kwenye godoro la ukutani, macho yamevimba, amejifunga kitenge cha mamake. Baada ya sala alisimama Mzee Elihuruma, aliyekuwa akiisemea familia. Alishukuru, akasoma wasifu wa marehemu, kisha akasema linalosemwa misibani siku zote, na ambalo siku zote hakuna anayelijibu.

"Kama yupo mtu aliyekuwa anamdai marehemu, au marehemu alikuwa anamdai, aione familia, tumalize."

"Nipo," akasema Ummulkheir.

Akasimama. Mtu aliyekuwa anakoroga chai jikoni akaacha.

"Kwanza poleni. Marehemu simdai. Alikuwa mama mwema. Aliniletea mchele wa Kyela mara mbili kwa mkono wa mwanawe, na sikupata kumshukuru. Mimi namdai mfiwa." Hakupaza sauti. "Namdai maneno. Miaka tisa nimemfanyia kazi yake, yeye amesoma, yeye amepanda. Akaitwa mbele ya mwamuzi akaapa kwamba hajui nilichokifanya. Pesa sitaki. Nataka aseme hapa, mbele yenu, na mamake anasikia: watu wa chumba namba sita, nani aliyewahoji?"

"Jamani, kwenye msiba?" sauti ya mwanamke ikasema nyuma.

"Marehemu hana hata wiki," akasema mwingine. "Huyu ana roho au jiwe?"

"Mwacheni Ikupa ajibu," akasema Ummulkheir. "Nimemuuliza yeye."

Na Ikupa akainua uso. Safari hii alimtazama, sawasawa, macho kwa macho, na Ummulkheir aliona katika macho yale kwamba jibu lipo, limefika mpaka kwenye meno. Mlangoni alikuwa amesimama mtu mmoja wa kaunti, Mzungu wa idara yake, aliyekuja na maua. Ikupa alimwona pia.

"Dada Ummu," akasema, kwa upole wa kutisha. "Asante kwa kuja. Chakula kiko jikoni, kama hujala."

Wanawake wawili walimshika Ummulkheir viwiko, wakamtoa. Hawakumsukuma. Walimwongoza kama anavyoongozwa mgonjwa wa akili, na mmoja akawa anasema pole, pole, kwa watu wanaopishana nao. Nje, kwenye njia ya gari iliyomwagiwa chumvi, Leah alimwachia kiwiko.

"Dada, kwani hatujui? Yeye mwenyewe alikuwa anatuambia zamani, nina dada kazini ananifanyia kila kitu. Sote tunajua. Lakini si hapa."

"Nilikuwa mbele ya mwamuzi mwezi wa tatu," akasema Ummulkheir. "Pale napo palikuwa 'si hapa'?"

Leah akatazama chini. Akasema anaona baridi, na kwamba kuna wali motoni, akarudi ndani.

Tangu siku ile, harusi zinapita na Ummulkheir haalikwi. Wanaomsimulia wanaanzia kwenye msiba; hapo ndipo hadithi yake inapoanzia midomoni mwao, mwanamke aliyemdai mfiwa. Miaka tisa ya kabla yake hawaitaji, kwa kuwa haikuandikwa mahali popote wanapopaweza kusoma. Isa peke yake humwambia, akimpitia Golden Valley jioni na lori, "Ungengoja angalau wamalize kula," na humo ndani ya lori hucheka wote wawili, ingawa mkewe hucheka kidogo.

Deni liko hivi. Kaunti inadaiwa daraja la tano la miaka tisa, na madaftari thelathini na moja, ambayo iliyafungia kabatini kwa sababu ni siri, wala hakuna hata mmoja huko awezaye kuyasoma. Mwamuzi mwenye ndevu nyeupe anadaiwa aeleze ni vipi mkono mmoja uliandika na haukuandika. Leah na wenzake wanadaiwa ushahidi walioujua wakarudi nao jikoni. Na Ikupa anadaiwa maneno mawili tu: aliwahoji Ummulkheir. Hayamgharimu nauli. Yuko Plymouth, nyumba ya tatu kutoka kwenye kona, na njia ya Fridley anaijua.